Mvumo wa Kebini na Mafundi wa Ekzosi wa Makadara

Miongoni mwa kazi za mikono zilizostawi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kazi ya ekzosi, yaani kutengeneza na kufunga mabomba yanayoutoa moshi wa injini nje ya gari, imeandikwa kidogo mno, ingawa ni magari machache yanayozeeka katika jiji hilo bila kupita mikononi mwa mafundi wake. Fundi wa injini ana heshima yake, na fundi wa rangi na michoro ya matatu amesifiwa na kupigwa picha. Fundi wa ekzosi hulala chali chini ya gari, uso ukiwa umefunikwa kwa miwani ya kuchomelea, na kazi yake ikiisha haionekani, bali husikika tu. Makala haya yanaifuatilia kazi hiyo katika eneo la Makadara, na yanashikilia kwamba ufundi wa ekzosi ulipita kutoka karakana kubwa hadi karakana za jua kali ukiwa nusu, kwa maana umbo la nje la chombo cha kuinyamazisha injini lilirithishwa mkono kwa mkono, ilhali hesabu iliyomo ndani yake ilibaki viwandani, na kwamba dalili iliyo wazi zaidi ya nusu iliyokosekana ni ule mvumo mzito unaoijaza kebini ya pikapu au lori baada ya bomba lake la asili kubadilishwa.

Mvumo huo hautofautishwi vya kutosha na kelele ya kawaida. Kelele ya bomba lililotoboka ni kali, nayo husikika katika kila mwendo, hata gari likiwa limesimama. Mvumo ni sauti moja nene ya chini, inayozuka gari linapofika kasi fulani, aghalabu ile kasi ya safari ndefu, ikakaa hapo bila kupanda wala kushuka, kisha ikatoweka dereva anapoongeza au kupunguza mafuta kidogo. Chanzo chake ni mikupuo ya gesi moto inayotoka kila mara vali ya moshi inapofunguka. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda hutoa mkupuo mmoja kwa mizunguko miwili ya krenki, hivyo injini ya silinda sita inayozunguka mara 2,000 kwa dakika hutoa mikupuo 100 kwa sekunde, na ya silinda nne, kwa mwendo huo huo, hutoa takriban 67. Idadi ya mitetemo kwa sekunde huitwa marudio, na kipimo chake ni hezi. Bomba nalo, kama zumari, lina sauti yake inayotegemea urefu wake. Na kebini, ikiwa ni sanduku la bati na vioo lililofungwa pande zote, ina sauti yake pia. Marudio ya injini yanapoiangukia sauti ya bomba au ya kebini, kimoja hukiitikia kingine, na sauti ambayo nje ya gari ingepita bila kutambuliwa hukuzwa ndani mpaka ikahisiwa kifuani na kwenye usukani.

Hesabu yake si ngumu, na inaeleza mambo ambayo madereva wa Nairobi wameyajua kwa miili yao kwa miaka mingi. Kebini ya pikapu yenye urefu wa ndani wa mita moja na nusu huitikia karibu na hezi 114, ambayo ndiyo sauti ya injini ya silinda sita inapozunguka takriban mara 2,300 kwa dakika; injini ya 1HZ ya Toyota, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ambayo tangu 1990 imezibeba Land Cruiser za pikapu katika barabara za Afrika Mashariki, hufikia mwendo huo katika safari ya kawaida kabisa. Bodi ya basi dogo yenye urefu wa mita sita, kwa upande wake, huitikia karibu na hezi 29, na hiyo ni sauti ya dizeli ya silinda nne inayozunguka chini kidogo ya mara 900 kwa dakika, yaani si mbali na mwendo wa injini inayongoja abiria. Hivyo basi, basi linaweza kuvuma likiwa stejini na kutulia likishika barabara, huku pikapu ikitulia mjini na kuanza kuvuma mara tu inapoupita mji.

Mazingira yaliyowalea mafundi wa Makadara yalitengenezwa na reli. Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na karakana zake zikawa mwajiri mkubwa wa mafundi chuma wa mji huo mpya. Baadaye eneo la viwanda, ambalo hadi leo huitwa Industrial Area, lilikua kusini mwa njia ya reli, huku nyumba za wafanyakazi Waafrika zikijengwa upande wa kaskazini. Makongeni ilikuwa mtaa wa watumishi wa reli. Kaloleni ulijengwa na halmashauri ya mji katika miaka ya 1940, na mitaa iliyofuata, kama vile Mbotela, Maringo na Jericho, ilijaza nafasi kandokando ya barabara kuu iliyoitwa Doonholm Road, ambayo baada ya uhuru ilipewa jina la Jogoo. Baadhi ya majina ya mitaa hiyo ni kumbukumbu ya miaka ya hali ya hatari: Tom Mbotela aliuawa mwaka 1952, na diwani Ambrose Ofafa, ambaye jina lake lilitangulizwa mbele ya Jericho na Maringo, aliuawa mwaka 1953. Mpango mkuu wa jiji wa 1948 ulikusudia makazi ya wafanyakazi yawe karibu na viwanda, na matokeo yake yalikuwa kwamba maelfu ya wanaume walivuka reli kwa miguu kila alfajiri kwenda kushika vyuma vya watu wengine, na jioni wakaivuka tena kurudi nyumbani. Ujuzi nao ulivuka reli kwa njia hiyo hiyo, ukibebwa kichwani na mikononi, kwa kuwa vitabu na michoro vilibaki upande wa pili.

Ngazi za kazi katika karakana za kikoloni zilikuwa za rangi. Msimamizi alikuwa Mzungu, fundi alikuwa Mhindi, mara nyingi Kalasinga wa jamii ya Ramgarhia ambayo kwa vizazi ilifanya useremala na uhunzi, na Mwafrika aliajiriwa kuwa msaidizi, mbeba vyuma au mfagiaji. Chuo cha ufundi kwa Waafrika kilifunguliwa Kabete mwaka 1924, lakini kilifundisha wachache, na njia kuu ya Mwafrika kuingia katika ufundi wa chuma ilibaki ile ya kutazama. Msomi Kenneth King, katika kitabu chake kuhusu mafundi Waafrika wa Kenya kilichochapishwa mwaka 1977, alionyesha jinsi ujuzi wa karakana za Kihindi ulivyowafikia Waafrika walioajiriwa humo, nao wakatoka kwenda kujitegemea na kuwafundisha wengine bila darasa wala cheti. Alichokionyesha King kwa taa za bati na vyombo vya namna hiyo kinafaa kuulizwa upya kwa ekzosi, kwa sababu taa ya bati humfichulia mtazamaji siri zake zote, lakini sailensa haifichui hata moja.

Sailensa, yaani mtungi wa chuma unaofungwa katikati au mwishoni mwa bomba ili kupunguza sauti, ilisajiliwa Marekani mwaka 1897 na ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves wa Columbus, Indiana. Elimu iliyoiwezesha ilikuwa ya zamani kidogo kuliko gari lenyewe. Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika kitabu chake cha 1863 juu ya hisia za sauti, alieleza jinsi chupa au tufe lenye shingo nyembamba linavyochagua sauti moja tu na kuiitikia, jambo analolijua kila mtoto aliyewahi kupuliza mdomo wa chupa ya soda. Na Georg Quincke, miaka mitatu baadaye, alionyesha kwamba sauti ikigawanywa katika njia mbili zenye urefu tofauti inaweza kujifuta yenyewe zinapokutana. Mwaka 1954, watafiti wa shirika la NACA la Marekani, lililotangulia NASA, walichapisha ripoti ndefu ya majaribio juu ya sailensa za kila aina, zikiwemo zenye matawi yaliyozibwa na zenye vyumba vya kuitikia, na kanuni zake zingali zinatumika. Elimu hiyo haikuwa siri. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha na kwa hesabu ambazo msaidizi wa karakana ya Nairobi wa mwaka huo hakupewa nafasi ya kuzisoma.

Aina za sailensa, kwa ufupi, ni mbili. Ya kwanza hunyonya sauti: bomba lenye matundu mengi hupita katikati ya mtungi, na nafasi iliyolizunguka hujazwa sufi ya chuma au ya kioo, ambayo huugeuza mtetemo wa hewa kuwa joto. Ya pili huirudisha sauti ilikotoka: ndani yake mna kuta, vyumba vya ukubwa tofauti na mabomba mafupi yasiyolingana, na kila kipimo kimechaguliwa ili mawimbi yarudi nyuma na kupambana na yanayokuja. Viwanda vya magari hutegemea zaidi aina ya pili, au mchanganyiko wa zote mbili, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuzishika sauti nene za chini. Mtu anayeitazama kwa nje haoni tofauti yoyote. Zote ni mitungi ya bati iliyobanwa kingo na kuchomelewa.

Kilichoifungua mitungi hiyo mbele ya macho ya fundi wa Makadara kilikuwa kutu. Petroli au dizeli inapoungua, kila lita moja huzaa karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke gari likiwa moto, lakini katika safari fupi za mjini, bomba lisipopata moto wa kutosha, mvuke huo hugeuka matone ndani ya sailensa, ukachanganyika na asidi za moshi na kuula mtungi kutoka ndani. Gari likaletwa kwa fundi likiwa linapiga kelele, naye akaukata mtungi kwa tindo, baadaye kwa gurinda, na kuona kilichomo. Kutu ndiyo iliyokuwa mwalimu, na ilikuwa mwalimu mwenye kitabu kilichochanika kurasa, kwa maana mtungi ulioharibika kiasi cha kukatwa ni mtungi ambao kuta zake za ndani zimekwisha kuanguka, mabomba yake mafupi yamelika, na vyumba vyake vimeungana. Fundi aliona kwamba palikuwa na kuta. Hakuweza kuona zilikaa wapi kwa usahihi, wala kwa nini chumba kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kingine. Sailensa ya kunyonya, kinyume chake, hata ikiwa imeoza, hujieleza yenyewe: bomba lenye matundu, sufi, na bati la kufunika. Haishangazi kwamba hiyo ndiyo iliyonakiliwa.

Miaka ya 1970 na 1980 iliipa kazi hii mahali pake katika uchumi na jina lake katika lugha. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotoka mwaka 1972, iliifahamisha dunia kwamba mafundi wasiosajiliwa wa miji kama Nairobi walikuwa wazalishaji wa kweli wenye bidii na ubunifu, na kwamba kuwafukuza kulikuwa kujinyima. Wenyewe waliitwa jua kali, kwa kuwa walifanya kazi bila paa, na jina hilo, ambalo mwanzoni lilieleza tu hali ya mahali, likawa jina la sekta nzima. Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuahidi kuwajengea vibanda. Mwaka 1988 iliundwa wizara ya mafunzo ya ufundi na teknolojia, ambayo watu wengi waliijua kama wizara ya jua kali. Na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wa sera juu ya biashara ndogo na jua kali. Inafaa kusemwa waziwazi kwamba hatua hizo zilijali zaidi paa, ardhi, leseni na mikopo, mambo ambayo mafundi waliyahitaji kwa dhati, kuliko zilivyojali elimu ya ndani ya kila kazi.

Njia ya kutengeneza sailensa katika karakana ya jua kali inastahili kuelezwa, kwa kuwa ni ufundi wenye akili nyingi na vifaa vichache. Bati la chuma laini hukunjwa kwa nyundo juu ya bomba nene mpaka liwe mviringo au yai. Bomba la ndani hutobolewa matundu kwa drili. Sufi ya chuma husokotwa kulizunguka. Vifuniko viwili hukatwa na kuchomelewa kwa gesi au kwa stima. Bomba linalohitaji kona hujazwa mchanga mkavu, likazibwa ncha zote mbili, likachomwa moto mpaka liwe jekundu na kupindwa polepole, mchanga ukilizuia lisibonyee. Au hukatwa vipande vya mshazari na kuunganishwa kimoja kimoja. Gari lenyewe huinuliwa kwa jeki au husimamishwa juu ya shimo, na bomba jipya hupimwa kwa kulishikilia mahali pake na kutia alama kwa chaki, likipishana na ekseli, tangi la mafuta na breki za mkono kwa upana wa kidole au viwili. Chombo kinachotoka hapo ni imara, hugharimu sehemu ndogo ya bei ya kile cha kiwandani, na huiondoa kelele kali iliyomleta mteja.

Ugumu wa mambo uko katika hiyo sauti nene inayobaki. Sufi hunyonya sauti ikiwa unene wake unakaribiana na sehemu ya kutosha ya urefu wa wimbi, yaani umbali kati ya mkupuo mmoja na unaofuata unaposafiri bombani. Katika gesi yenye joto la nyuzi 350 hivi sauti husafiri takriban mita 500 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita tano. Sentimita tatu au nne za sufi haziwezi kulifanya lolote wimbi la mita tano. Zinameza mlio wa juu na mkwaruzo, na kuuacha mvumo ukiwa peke yake, wazi zaidi kuliko ulivyokuwa mwanzo, kwa sababu sauti zilizokuwa zikiufunika zimeondolewa. Lawama kwamba fundi wa jua kali hafanyi kazi nzuri inakosa shabaha kabisa. Alifanya kwa ukamilifu ile aina moja aliyoweza kuiona, na aina hiyo, kwa maumbile yake, haifiki chini kiasi hicho.

Matatu yalipoingia yaliibadilisha maana ya sauti yenyewe. Magari hayo ya abiria yaliruhusiwa kisheria mwaka 1973 kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, yakashindana na mabasi ya Kenya Bus Services yaliyokuwapo tangu 1934, na Barabara ya Jogoo, ikiwa mshipa mkuu wa kuwaleta watu wa mitaa ya mashariki katikati ya jiji, ikawa mojawapo ya njia zao zenye msongamano mkubwa. Kampuni ya General Motors Kenya, ambayo mwaka 2017 ilibadilika jina kuwa Isuzu East Africa, ilianza kuunganisha magari Nairobi mwaka 1977, na fremu za malori madogo ya Isuzu, ambazo ziliundwa kubeba mizigo, zilivikwa bodi za abiria. Ekzosi ya lori ikaja ikakaa chini ya sakafu ya watu wanaokwenda kazini. Kadiri matatu yalivyogeuka kuwa nganya, yaani magari yaliyopambwa kwa michoro, taa na muziki ili kuwavuta vijana, ndivyo mlio wa bomba ulivyogeuka kuwa tangazo, na mafundi wa ekzosi wakaanza kuombwa kinyume cha kazi yao ya asili: kufungua sauti badala ya kuifunga. Katika nganya muziki huufunika mvumo. Dereva wa lori la mawe au pikapu ya mboga hana kifuniko hicho, naye hukaa ndani ya sauti hiyo kuanzia alfajiri hadi usiku, mpaka uchovu wake wa jioni auhesabu kuwa wa barabara.

Magari ya mitumba kutoka Japani, yaliyofurika baada ya uchumi kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambayo Kenya huyaruhusu yakiwa hayajapita umri wa miaka minane, yalileta kitu kipya chini ya sakafu: kisafisha moshi, ambacho mitaani huitwa masega kwa sababu ndani yake mna vijitundu vingi vya kauri vilivyopangana kama sega la nyuki. Kauri hiyo imepakwa metali za thamani, zikiwemo platini na paladi, na thamani hiyo ndiyo iliyoyaponza masega, kwani hung'olewa na kuuzwa, na mahali pake hufungwa kipande cha bomba tupu. Wenye magari wengi huambiwa, na huamini, kwamba gari hupata nguvu moshi unapopita bila kizuizi. Hewa ya jiji hulipa gharama ya kwanza. Gharama ya pili, inayotajwa mara chache, ni ya sauti: maelfu ya vijitundu hivyo huivunja mikupuo ya gesi kabla haijaifikia sailensa, hivyo anayeyaondoa masega ameondoa pia kituo cha kwanza cha kunyamazisha, na sailensa iliyopimwa kwa mikupuo iliyokwisha kulainishwa hupokea sasa mikupuo mikavu.

Sheria haikukaa kimya, ila ilisikiliza kwa sikio lisilofaa. Kanuni za mazingira za 2009 kuhusu kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zilikataza gari linalotoa sauti kubwa isiyo ya kawaida na kupita desibeli 84 linapoongeza mwendo. Desibeli hizo hupimwa kwa kipimo kinachoitwa A, kilichoundwa kuiga sikio la binadamu linavyozidharau sauti nene zikiwa ndogo, na ambacho hupunguza takriban desibeli 19 katika hezi 100 na 26 katika hezi 63. Kwa maneno mengine, gari linaweza kumtetemesha dereva wake meno na bado likapita mbele ya mkaguzi bila kosa. Aidha, kanuni inamlinda aliye nje. Aliye ndani ya kebini, ambaye ndiye anayeisikia sauti hiyo kwa saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, hakutajwa.

Sababu nyingine iliyoufanya mvumo udumu ni ya kijiografia, nayo huenda ikawa nzito kuliko zote. Fundi wa ekzosi huipima kazi yake kwa sikio, akiwa amechuchumaa nyuma ya gari huku mwenzake akikanyaga mafuta, gari likiwa limesimama na milango yake ikiwa wazi. Kebini iliyo wazi haiitikii kama iliyofungwa. Injini isiyo na mzigo haitoi mikupuo yenye nguvu ya injini inayovuta. Na Barabara ya Jogoo, kwa msongamano wake, haimpi mtu nafasi ya kushikilia mizunguko 2,000 kwa dakika hata kwa dakika moja. Gari huondoka karakanani likiwa tulivu, fundi akaridhika kwa haki, na mvumo ukazaliwa saa moja baadaye kwenye Barabara ya Mombasa, ambako hayupo.

Dawa yake kuu imo katika ripoti ya 1954 na inatengenezeka kwa vifaa vilivyomo katika kila karakana ya Makadara. Ni tawi: bomba lililozibwa mwisho wake, lililochomelewa ubavuni mwa bomba kuu, likaachwa lilale sambamba nalo. Wimbi huingia katika tawi, likagonga kizibo na kurudi likiwa limechelewa nusu ya mtetemo, hivyo linapotokeza hukutana na wimbi jipya likiwa kinyume chake, moja likisukuma wakati jingine linavuta, nayo yakafutana. Urefu wa tawi hupatikana kwa kugawanya kasi ya sauti kwa mara nne ya marudio. Kosa la kawaida ni kutumia kasi ya sauti katika hewa baridi, ambayo ni mita 343 kwa sekunde, na kupata sentimita 86 kwa mvumo wa hezi 100. Hata gesi iliyopoa hadi nyuzi 200 hupitisha sauti kwa mita 436 hivi kwa sekunde, na urefu unaofaa ni sentimita 109. Tawi la sentimita 86 litafuta sauti ya hezi 127, ambayo haimsumbui mtu, na fundi ataambiwa kwamba mbinu yenyewe ni ya uongo. Kwa dizeli ya silinda nne inayovuma kwa hezi 67, tawi linalofaa huhitaji urefu wa kama mita moja na sentimita 63, na hapo ndipo ujuzi wa kupinda bomba kwa mchanga unapokuwa na thamani, kwa kuwa urefu kama huo hauenei chini ya gari bila kukunjwa.

Yapo mengine ya kuangaliwa kabla ya tawi. Mpira wa kuning'inizia bomba ukikatika na kubadilishwa kwa waya, chuma hugusa chuma na mtetemo hupanda moja kwa moja mpaka kwenye fremu. Ncha ya bomba ikiishia chini ya kebini badala ya kupita ukingo wa bodi, sauti hugonga sakafu na kurudi, na kibaya zaidi, kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua, hupenya kwenye matundu ya sakafu. Hilo si suala la starehe na halipaswi kuahirishwa hata siku moja. Matundu yenyewe, yale ya pedali na nyaya, huzibwa kwa mpira, na bati la sakafu na la mgongo wa kebini hubandikwa kipande kizito cha lami au mpira kinachoua mtetemo wake.

Kwa kuwa gesi iliyotuama ndani ya tawi hupoa kuliko inayopita katika bomba kuu, hesabu humfikisha fundi karibu na jibu bila kumkabidhi jibu lenyewe, na kilichobaki hukamilishwa na mkono na sikio. Tawi hukatwa likiwa refu kidogo, likatiwa kizibo kinachoweza kusogezwa ndani, na gari likaendeshwa madirisha yakiwa yamefungwa, kupitia Industrial Area hadi Barabara ya Mombasa, ambako dereva anaweza kushikilia mwendo ule ule hadi Athi River. Na fundi, tofauti na desturi ya kazi yake tangu ilipovuka reli, hukaa ndani ya kebini, katika kiti cha tanboi, yaani msaidizi wa dereva, akisikiliza.